Cheti cha mkandarasi hakinunui saruji

SOMO LA BIASHARA: SEKTA YA UJENZI

Kila eneo la ujenzi linalofuata sheria Tanzania Bara huwa na kibao kinachoonekana kutoka barabarani. Kwenye kibao hicho huandikwa jina la mradi, mwenye kazi, msanifu majengo, mkadiriaji majenzi, mhandisi mshauri na mkandarasi pamoja na namba yake ya usajili. Wapita njia wengi hukichukulia kama tangazo tu. Lakini kwa mfanyabiashara anayefikiria kuingia katika ujenzi, au mwenye duka anayewakopesha makandarasi saruji na nondo, kibao hicho kinastahili kusomwa mstari kwa mstari, kwa sababu nyuma ya karibu kila jina kuna chombo cha serikali kinacholisimamia.

Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria tatu zinazofuatana kwa namba. Sheria namba 15 ilihusu wahandisi, namba 16 wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, na namba 17 makandarasi. Hii ya mwisho ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo wenye kazi hiyo wanaiita CRB. Kabla ya hapo ilikuwapo bodi moja iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, iliyowasajili wasanifu, wakadiriaji na makandarasi wa majengo kwa pamoja. Mtu anayechora na kukadiria gharama alikaa chini ya paa moja na yule anayelipwa kujenga. Kuwatenganisha lilikuwa jambo la maana, kwani wa kwanza huajiriwa na mwenye kazi ili, pamoja na mambo mengine, amkague wa pili.

Kipo chombo kingine ambacho ni kikongwe zaidi ya CRB na ambacho umma unakifahamu kidogo sana. Baraza la Taifa la Ujenzi, NCC, liliundwa kwa sheria namba 20 ya mwaka 1979. Kazi yake si kusajili mtu. Baraza lipo kuendeleza sekta: kutoa mafunzo na ushauri, kufanya ukaguzi wa kiufundi wa miradi, kuandaa takwimu za mwenendo wa bei za vifaa, na kusimamia usuluhishi pale mwenye kazi na mkandarasi wanapogombana. Kwa mgawanyo huo, Tanzania iliweka rungu kwa mmoja na malezi kwa mwingine, ingawa baadaye, kama itakavyoonekana, mwenye rungu naye alijikuta analea. Wakenya walichagua njia tofauti. Sheria yao ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA, na kuipa kazi zote mbili kwa pamoja.

DARAJA NI KIKOMO CHA SOKO

Anayetaka kuwa mkandarasi haombi tu "leseni ya ujenzi". Huomba aina ya kazi, yaani majengo, kazi za kihandisi kama barabara na madaraja, kazi za mitambo, umeme, au kazi maalumu. Kisha huomba daraja. Kwa majengo na kazi za kihandisi madaraja ni saba, la kwanza likiwa la juu na la saba likiwa la chini. Kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja anayoruhusiwa kuchukua, isipokuwa daraja la kwanza ambalo halina kikomo.

Maana yake kibiashara ni kubwa kuliko inavyoonekana. Cheti cha daraja la saba kinamweleza mwenye nacho ukubwa wa soko lake kabla hajaandika zabuni hata moja. Akikuta tangazo la kazi inayozidi kikomo chake, hata awe na fedha, mafundi na katapila, hairuhusiwi. Ili apande daraja lazima aonyeshe mtaji, vifaa, wataalamu na kazi alizokwisha kufanya. Na hapo ndipo wengi hukwama kwa miaka: hawapati kazi kubwa kwa kuwa hawana uzoefu, na hawapati uzoefu kwa kuwa hawapewi kazi kubwa.

Sharti linalozua ujanja mwingi ni la mkurugenzi wa ufundi. Kampuni lazima iwe na mkurugenzi mwenye taaluma inayohusiana na kazi inayoombewa usajili. Mfanyabiashara mwenye fedha lakini asiye mhandisi hana budi kumwingiza mtaalamu katika kampuni. Shabaha ya sheria ni kwamba asiyejua uwiano wa mchanga na saruji asiwe na kauli ya mwisho juu ya nguzo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtaalamu anaazima cheti chake, analipwa kitu kidogo, na eneo la ujenzi halimwoni tena. Kwenye karatasi kampuni imetimia. Kwenye udongo anayeamua ni fundi mkuu na mwenye fedha.

Udugu wa aina hiyo upo pia baina ya kampuni na kampuni. Mwenye daraja la juu anamkopesha jina mwenye daraja la chini, au mtu asiye na daraja kabisa, kwa asilimia fulani ya mkataba. Sheria inakataza. Wanaoshiriki husema ni njia ya kusaidiana, lakini hesabu yake inajieleza: asilimia anayochukua mwenye jina haitoki hewani, inatoka kwenye nondo, kokoto na ujira.

Ndiyo maana CRB ina wakaguzi wanaotembelea maeneo ya ujenzi. Hutazama kama mradi umesajiliwa, kama kibao kipo, kama mkandarasi aliyeandikwa ndiye aliye kazini, kama kazi haizidi daraja lake na kama mafundi wana vifaa vya usalama. Bodi inaweza kusimamisha kazi, kutoza faini, kumsimamisha mkandarasi au kumfutia usajili. Na sababu ya kufutiwa si lazima iwe ya kutisha. Wapo wanaofutwa kwa kutolipa ada ya mwaka tu, kwa sababu mwaka mzima hawakupata kazi.

Wanaodhani ukaguzi ni usumbufu wakumbuke Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Jiji la Dar es Salaam lilipoporomoka na kuua watu 36. Baadaye ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Novemba 16, 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Baina ya ajali hizo mbili bodi, sheria na ada zote zilikuwapo. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, usajili wa mkandarasi hutolewa na CRB, mhandisi anasimamiwa na bodi yake. Jengo ni moja, wakubwa ni wengi, na kila mmoja anaweza kuonyesha ukurasa wa sheria unaosema sehemu ile haikuwa yake.

KULEA KWA DHAMANA

Upande wa pili wa kazi ya serikali ni kukuza makandarasi wazalendo. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 ujenzi mkubwa ulitazamiwa kufanywa na mashirika ya umma, MECCO likiwa miongoni mwao. Mashirika hayo yalipodhoofika na uchumi kugeukia soko huria, kazi zilifunguliwa kwa kampuni binafsi. Mpango mkubwa wa barabara wa miaka ya 1990, uliogharamiwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulileta kazi nyingi za matengenezo ambazo mkandarasi mdogo wa Kitanzania aliweza kuzimudu. Chuo cha Mbeya kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa kutumia nguvu kazi kilitoa ujuzi wa kazi ambazo hazihitaji greda la mamilioni. Sera ya sekta ya ujenzi ya mwaka 2003 iliweka yote hayo katika waraka mmoja.

Lakini ujuzi na kazi havikutosha. Kwa nini, inaonekana vizuri zaidi kwa hesabu ya mfano.

Tuseme mkandarasi mdogo ameshinda zabuni ya kujenga madarasa kwa Sh milioni 150. Mwenye kazi anadai dhamana ya utekelezaji ya asilimia 10, yaani Sh milioni 15. Mkataba unaruhusu malipo ya awali ya asilimia 15, sawa na Sh milioni 22.5, ila ili kuyapata lazima alete dhamana ya benki ya kiasi hicho hicho. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa, benki inatakiwa kumdhamini kwa Sh milioni 37.5. Benki haimjui. Inamtaka aweke fedha taslimu au hati ya nyumba. Asiye na hati anaambiwa, kwa maneno mengine, aweke Sh milioni 22.5 ili apewe Sh milioni 22.5. Kama angekuwa nazo asingeomba malipo ya awali.

Hapo ndipo CRB, chombo cha udhibiti, ilipolazimika kuvaa joho la mlezi. Mwaka 2002 ulianzishwa Mfuko wa Kusaidia Makandarasi. Mfuko haugawi fedha mkononi. Unawawezesha wanachama wake, ambao ni makandarasi wadogo na wa kati waliochangia, kupata dhamana za zabuni na dhamana za malipo ya awali bila kuweka rehani ambayo hawana. Ni msaada wa busara, kwa kuwa shilingi ile ile ya mfuko inaweza kumdhamini huyu leo na yule kesho, mradi wa kwanza amemaliza kazi yake salama. Udhaifu wake ni huo huo: wanachama wachache wakiharibu, mfuko unalipa, na waliobaki wanakosa.

Njia nyingine ya kulea ni kutenga soko. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2011 ilitoa upendeleo kwa kampuni za wananchi. Ile ya mwaka 2023, namba 10, ilifuatiwa na kanuni za mwaka 2024, na kiwango cha kazi za ujenzi zilizotengwa kwa makandarasi wa ndani kikapandishwa kutoka Sh bilioni 10 hadi Sh bilioni 50. Hayo ni mabadiliko makubwa. Kwa kipimo cha idadi, makandarasi wazalendo ndio wengi mno katika daftari la usajili. Kwa kipimo cha thamani, kazi zinazotajwa magazetini zimekuwa za wageni: bwawa la umeme la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilijengwa na kampuni za Misri, na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 lilijengwa na kampuni za China. Kutenga Sh bilioni 50 kunamfungulia Mtanzania mlango wa vipande vya barabara ambavyo zamani alivitazama akiwa msambazaji wa kokoto.

Mlango huo hauna faida kwa anayeuingia peke yake akiwa mchovu. Kanuni zinaruhusu makandarasi kuungana kwa kazi moja, na CRB imekuwa ikiwahimiza wafanye hivyo kwa miaka mingi. Mwitikio si mkubwa, na sababu haihitaji utafiti: wanaoungana hawaaminiani juu ya nani atashika kitabu cha hundi. Benki inayodai saini mbili, mhasibu mmoja wa pamoja na mkataba unaosema wazi nani anabeba hasara ya sehemu gani vingeondoa nusu ya hofu hiyo.

MLEZI MWENYE DENI

Turudi kwa mkandarasi wa madarasa. Amepata dhamana, ameanza kazi, na hati yake ya kwanza ya malipo imeidhinishwa kwa Sh milioni 40. Asilimia 10 inazuiliwa hadi muda wa matazamio uishe, Sh milioni 4. Asilimia 15 inakatwa kurejesha malipo ya awali, Sh milioni 6. Anabaki akidai Sh milioni 30, kabla ya kodi. Kwa kazi hiyo alitarajia faida ya asilimia 7, yaani Sh milioni 2.8.

Ili kazi isisimame anakopa Sh milioni 30 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Kila mwezi malipo yanapochelewa, riba inakula Sh 450,000. Ikifika miezi sita, riba ni Sh milioni 2.7. Faida iliyobaki ni Sh 100,000, na kuta bado hazijafika kwenye lenta. Mwezi wa saba anajenga kwa hasara. Mwuza nondo aliyemwamini anaanza kutopokelewa simu. Mama lishe wa pale kazini anaambiwa "wiki ijayo". Mafundi wazuri wanahama, wanabaki wasio na pa kwenda. Mkaguzi akija akakuta zege dhaifu, atamwandikia mkandarasi kosa, na atakuwa sahihi. Lakini zege lile lilianza kudhoofika ofisini kwa anayetakiwa kulipa.

Na mlipaji huyo mara nyingi ni serikali au taasisi yake. Huu ndio utata wa sekta nzima. Serikali ile ile inayomsajili mkandarasi, inayomkagua na inayomlea ndiyo mteja wake mkubwa, na madeni ya makandarasi yamekuwa hoja ya kudumu katika mikutano yao na mawaziri, awamu baada ya awamu. Mkandarasi akichelewesha kazi hukatwa fidia ya kila siku. Mwenye kazi akichelewesha malipo, mikataba mingi ya kazi za umma inampa mkandarasi haki ya riba, nayo hutaja siku 28 baada ya hati kuidhinishwa. Haki hiyo huandikwa, haidaiwi. Mkandarasi mdogo anajua kwamba anayemdai riba leo ndiye atakayefungua bahasha za zabuni mwakani.

CRB haina uwezo wa kumfutia usajili mwenye kazi asiyelipa. Inaweza kumsimamisha aliyeshindwa kulipa mafundi wake, lakini haina fimbo ya kumfikia aliyesababisha. Hadi hapo patakapopatikana dawa, kila mfuko wa dhamana na kila kiwango kipya cha upendeleo vitakuwa vinamjazia maji mtu mwenye ndoo inayovuja.

BEI NA MIGOGORO

Jambo jingine la kuangaliwa ni bei. Takwimu za NCC hutumika katika fomula ya kurekebisha malipo pale bei za vifaa zinapobadilika. Ni kinga nzuri, ila fomula huwekwa katika mikataba ya muda mrefu. Kazi za miezi mitano au sita huwa na bei isiyobadilika, na hizo ndizo kazi za wadogo. Novemba 2020 saruji ilipoadimika na bei yake kupanda ghafla hadi Waziri Mkuu akaingilia kati, mwenye mkataba mkubwa alikuwa na pa kuegemea. Mwenye madarasa matatu alinunua kwa bei ya siku na kulipwa kwa bei ya siku aliyosaini. Mkandarasi mwenye akili huomba bei ya mwuzaji kwa maandishi inayodumu hadi tarehe fulani, kisha hulinganisha tarehe hiyo na ratiba ya kazi kabla ya kujaza zabuni.

Migogoro ikitokea, usuluhishi chini ya NCC ni wa haraka kuliko mahakama na mwamuzi huwa mtu anayejua zege ni nini. Hata hivyo mwamuzi hulipwa, na anayedai Sh milioni 8 lazima apige hesabu ya ada kabla ya kuwasilisha dai. Silaha yake ya kwanza ni kumbukumbu: barua ya kila ucheleweshaji, daftari la mvua, maelekezo ya mhandisi yaliyotolewa kwa mdomo kisha yakathibitishwa kwa maandishi siku hiyo hiyo. Wengi hushindwa kwa kukosa karatasi, si kwa kukosa haki.

Kwa mwuzaji wa vifaa anayeombwa mkopo na mkandarasi, hatua ni chache. Achukue namba ya usajili kwenye kibao na kuiulizia CRB: je, kampuni ipo hai mwaka huu, ni ya daraja gani, na mradi huo umesajiliwa kwa jina lake? Aulize fedha za mradi zinatoka fungu gani, na kama malipo ya awali yamekwisha kutolewa. Na aombe kuona hati ya mwisho ya malipo pamoja na tarehe iliyolipwa. Mkandarasi ambaye hati yake ya mwezi wa pili ililipwa mwezi wa tisa anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na bado asiweze kulipa.